Rangi Haifichi Kiungo: Kujenga Behewa Dogo la Shaba

(Hotuba iliyotolewa mjini Unguja mbele ya mafundi, wanafunzi na wazee wa mtaa)

Assalaamu alaykum wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliotoka skuli mkaja hapa bila ya kupita nyumbani.

Nimeombwa nizungumzie kitu hiki kilichofunikwa kitambaa mezani, na ni bora nikifunue mwanzo kabisa, asije mtu akanisikiliza huku akili yake iko chini ya kitambaa. Hili ni behewa la treni. Urefu wake ni milimita 228, ambao ni shibiri moja ya mtu mzima. Ukiacha magurudumu, vioo vya madirisha na vipande vichache vya madini laini ya kumimina, limejengwa lote kwa shaba ya manjano, ileile ya njumu za milango yetu na ya madele ya kahawa, na limepakwa rangi mbili: juu rangi ya maziwa mazito, chini kahawia ya chokoleti. Seti ya vipande vyake aliniletea mtoto wa dada yangu kutoka Uingereza, ikiwa ndani ya bahasha bapa ambayo ungedhani ina barua. Kuigeuza bahasha ile ikawa behewa kumenichukua miezi 11, na katika miezi hiyo nimejifunza kwamba rangi haifichi kiungo, yaani pale vipande viwili vilipoungwa. Anayejenga vibaya kwa kutumaini kuwa rangi itamsitiri, rangi hiyohiyo ndiyo itakayomuumbua.

Behewa la kweli lililoigwa hapa lilikuwa la Great Western Railway, kampuni ya reli iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1835, ambayo mhandisi wake mkuu wa mwanzo alikuwa Isambard Kingdom Brunel. Mabehewa yake mengi yalikuwa na urefu wa futi 57, na kila futi moja ya behewa la kweli hapa imekuwa milimita 4. Zidisheni 57 kwa 4 mtaipata shibiri yangu. Reli inayotumika kwa mifano ya kipimo hiki ina upana wa milimita 16.5. Najua wapo kati yenu watakaopiga hesabu na kugundua kwamba reli ya kweli ya Uingereza, yenye upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, ikipunguzwa sawasawa inapaswa kuwa karibu milimita 18.8. Hesabu yenu ni sahihi. Upana ule ni maridhiano ya zamani ya watengenezaji wa treni za kuchezea, na mimi ningependa wasingeridhiana, lakini magurudumu niliyonayo ni hayo.

Great Western Railway iliacha rangi zake mbili mwaka 1908 ikapaka mabehewa kahawia tupu, mwaka 1912 ikahamia nyekundu iliyoiva, na mwaka 1922 ikairudia maziwa na chokoleti. Mwaka huo wa 1922 nilipousoma nilisimamisha kazi kwa muda, kwa sababu ndio mwaka ambao treni yetu ya Bububu iliacha kuchukua abiria. Vijana wengi hapa hawajui kwamba Unguja ilikuwa na treni, tena si mara moja. Sayyid Barghash bin Said alijenga reli ya kwenda Chukwani mwaka 1879, na mabehewa yake mawili yalikokotwa kwanza na nyumbu, hadi mwaka 1881 alipoagiza kichwa cha treni kutoka kwa William Bagnall, Uingereza. Reli hiyo haikuishi baada yake. Alipofariki mwaka 1888 iling'olewa. Kisha mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co., ikajenga reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, ikipita katika vichochoro vyembamba baina ya nyumba za watu. Ilikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wakishuka melini kutembea mashamba kwa saa chache. Magari na barabara viliposhinda, abiria wakakatazwa mwaka 1922, na kwa miaka michache iliyofuata reli ikabaki kubeba mawe ya kujazia bahari mahali ilipojengwa bandari. Behewa lile la daraja la kwanza nitalirudia mwishoni.

Sasa tuingie katika kazi. Ndani ya bahasha mlikuwa na mabamba matatu ya shaba ambayo unene wake haufiki nusu milimita. Vipande vyote vya shaba vimo ndani ya mabamba hayo, na havikukatwa kwa mashine wala kwa msumeno. Vimeliwa na dawa. Bamba hupakwa utando unaoganda kwa mwanga, likawekewa filamu yenye mchoro mbele na nyuma, likamulikwa, likasafishwa, kisha likatumbukizwa ndani ya feriki kloraidi, dawa inayoila shaba. Mahali palipobaki na utando hapaguswi. Mahali palipo wazi pande zote mbili huliwa mpaka kukatoboka, na hivyo ndivyo yanavyopatikana madirisha. Mahali palipo wazi upande mmoja tu huliwa nusu ya unene, na hapo hupatikana mifereji ya kukunjia pamoja na zile mbavu nyembamba za fremu mnazoziona kuzunguka kila dirisha, ambazo fundi wa mkono angezichonga kwa mwezi mzima na bado zisilingane.

Kila kipande hubaki kimeshikwa katika bamba kwa vikonyo. Neno hilo nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa wote waliowahi kukaa jamvini msimu wa karafuu wakichambua wanajua mkono unavyotakiwa kufanya. Ukivuta kwa nguvu unaharibu. Kwa shaba, unaweka bamba juu ya kigae kigumu, unakata kikonyo kwa ncha ya kisu kikali kwa kubonyeza kutoka juu, kisha unapitisha tupa laini kwa urefu wa ukingo, kamwe si kwa kukatiza, maana tupa inayokatiza hukipinda kipande chembamba. Nilikuwa na vikonyo zaidi ya 200 vya kukata. Ninawahurumia wanaovivunja kwa koleo ili wamalize haraka, kwa sababu kila kikonyo kilichobaki ni kijiti kinachozuia vipande viwili visikutane, na pale visipokutana ndipo fundi anapomwaga risasi nyingi, yaani madini ya kuungia yanayoyeyuka kwa moto, ili kuziba.

Kukunja kuna kanuni moja isiyo na mjadala mrefu: mfereji ukae ndani ya mkunjo. Mimi hubana kipande katika jiliwa baina ya vipande viwili vya mninga vilivyopigwa randa, nikausukuma upande uliobaki kwa kipande cha tatu, wote kwa pamoja, ili mkunjo uwe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kigumu zaidi ni mbavu, yaani kuta mbili za pembeni za behewa. Ubavu wa behewa la zamani hauteremki wima kama ukuta. Chini ya madirisha huingia ndani kwa mviringo mdogo, kama ubavu wa jahazi unavyoelekea mkuku. Bamba linakuja likiwa limenyooka, na mviringo huo unautia wewe. Niliulaza ubavu juu ya mpira wa ndara kongwe, nikabingirisha juu yake fimbo ya chuma yenye unene wa kidole, taratibu, nikikandamiza, nikauinua na kuupima kwenye kipande cha mwisho wa behewa ambacho kimekwisha kukatwa kwa umbo halisi. Nilifanya hivyo mara tisa kwa ubavu wa kwanza. Shaba iliyopinda kidogo mno unaweza kuiongeza, lakini iliyopinda kupita kiasi ukiinyoosha hubaki na mawimbi, na mawimbi hayo hayaonekani kwa jicho mpaka siku ya rangi.

Kulehemu ndiko kuliko moyo wa kazi hii, na hapo nawaomba mnivumilie. Chuma cha kulehemia cha wati 25 wanachotumia mafundi redio hakitoshi, kwa kuwa shaba hunywa moto na kuusambaza mwili mzima. Mimi hutumia cha wati 60 chenye ncha pana. Chuma kidogo unakikalisha muda mrefu mahali pamoja, na muda huo moto unatembea ukayeyusha kazi ya jana. Chuma kikubwa kinafika, kinamaliza na kuondoka. Dawa ya kusafishia kiungo ni asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, inayotiwa kwa brashi ndogo, na risasi huchukuliwa kidogo sana kwenye ncha ya chuma ikapelekwa kiungoni. Kiungo kikiwa safi na vipande vikiwa vimekutana, utaiona risasi ikikimbia yenyewe kufuata ufa, ikang'aa, ikatulia. Dakika hiyo inapendeza kuitazama kila inapotokea.

Risasi nazo si moja. Ipo inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 188, ipo ya 145, na ipo ya 70, na mpangilio wa behewa zima unategemea ngazi hizo. Mwili mkuu, yaani sakafu, mbavu na miisho, unaungwa kwa ile ya 188. Vitu vinavyokuja baadaye juu ya mwili huo, kama vipandio na fremu za chini, vinaungwa kwa ya 145, ili moto wake usifike kuyeyusha ya kwanza. Ya 70 ni ya vile vipande vya madini laini vilivyomiminwa, kama vile bafa, zile za miishoni zinazopokea kishindo mabehewa yakigongana, na matundu ya hewa ya juu ya paa, ambavyo ukivikaribia kwa moto mkubwa vinageuka tone mbele ya macho yako. Lakini risasi ya 70 haiikamati shaba tupu. Ni lazima kwanza upapake mahali hapo kwa risasi ya 188, upatie ngozi nyembamba, ndipo ya 70 ikubali kukaa. Jambo hilo sikulijua, na kwa siku tatu bafa zilikuwa zikianguka kila nilipoligeuza behewa, nikadhani risasi niliyoletewa ni mbovu.

Kiungo kirefu kama cha ubavu na sakafu hakipitishwi chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifanya hivyo, upande uliopata moto hutanuka, upande wa pili haujatanuka, na ubavu unajipinda upinde. Unatia nukta moja katikati, nukta moja kila mwisho, unapima kwa pembe mraba, unatia nukta nyingine baina yake, unapima tena, na baada ya hapo ndipo unajaza, huku ukirukaruka kutoka upande huu kwenda ule ili joto lisirundikane. Wakati nukta ziko tano tu, kosa linarekebishika kwa mguso mmoja wa chuma. Nilipokuwa nikiunga kipandio cha mwisho nilitumia risasi ya 188 kwa uvivu wa kubadilisha, nikakichelewesha chuma, na mwisho mzima wa behewa ukafunguka mikononi mwangu saa nne ya usiku, baada ya wiki sita za kazi. Tangu siku hiyo naweka pamba mbichi iliyolowa maji juu ya kiungo cha zamani kabla ya kuwasha moto karibu yake.

Kila jioni, hata kama umechoka, behewa lioshwe. Asidi iliyobaki juu ya shaba katika hewa yetu hii ya chumvi haingoji. Asubuhi unaamkia kutu ya kijani pembeni mwa kila kiungo. Na nyinyi wanangu nawausia jambo la afya: risasi ni sumu, moshi wa dawa unachoma kifua, kwa hiyo dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na watoto wadogo wasikae karibu na meza.

Mwili ukikamilika, huja kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuondoa risasi iliyozidi. Mimi nilinoa kipande cha msumeno wa chuma kikawa na ukingo kama patasi, nikawa nakwangua kila kona, hasa zile pembe za ndani za fremu za madirisha. Nilitumia majuma mawili kukwangua tu. Jirani yangu mmoja alinishauri nipake rangi nzito itakayofunika. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini rangi ya mfano mdogo haiwezi kuwa nzito. Ikiwa nzito inajaza fremu, na behewa linaonekana kama lililochovywa kwenye uji. Inapaswa kuwa nyembamba kiasi kwamba kila mkwaruzo wa tupa unaonekana chini yake. Kijivu cha praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, ndicho kinachosema kweli kuliko vyote, kwa sababu shaba inayong'aa hudanganya jicho na kijivu hakidanganyi. Nilipopiga praima mara ya kwanza niliona madoa 14 niliyokuwa sikuyajua, nikaiondoa yote nikarudi kwenye tupa.

Kabla ya praima, shaba lazima iwe safi kuliko sahani ya kulia. Hapa elimu yetu wenyewe ilinisaidia. Bibi zetu walipotaka kung'arisha masinia na madele kwa ajili ya sikukuu walisugua kwa ukwaju, au kwa ndimu na majivu, na ukali huo huiondoa kutu bila ya kuila shaba. Nililisugua behewa lote kwa ukwaju uliorowekwa, kwa mswaki laini, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikalisuuza kwa maji ya chupa, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi na yakikauka huacha ramani nyeupe. Baada ya hapo behewa haliguswi tena kwa mkono mtupu. Mara ya kwanza nililigusa, mara moja tu, nilipokuwa nikilihamisha kutoka mezani hadi dirishani. Rangi ilikauka vizuri, ikapendeza, na baada ya siku mbili ikainuka mahali pamoja ikabanduka, na shaba iliyoonekana chini ilikuwa na umbo la kidole gumba changu, mistari yake yote.

Praima yenyewe iwe ya aina inayouma chuma, yaani yenye asidi ndani yake, kwa sababu rangi ya kawaida hulala juu ya shaba bila ya kushika. Halafu kuna hali ya hewa. Masika sipaki kabisa. Rangi inayokauka haraka ikipulizwa katika hewa yenye unyevu mwingi, tina yake, yaani dawa ya kuizimulia, hupoza uso, mvuke unaganda juu yake, na rangi inatoka na ukungu mweupe usioondoka. Nilingoja mpaka kipupwe, nikawa napuliza baina ya saa nne na saa nane ya mchana, jua likiwa limekwisha kuukausha umande, na kwa bomba dogo la hewa, tabaka moja jepesi, kisha jingine.

Rangi nyeupe hutangulia. Maziwa nilipaka kwanza juu ya madirisha na kando yake, nikaiacha siku saba, maana rangi kavu juu bado ni mbichi chini. Kisha nikaifunika kwa utepe wa karatasi, nikaukandamiza ukingo wake kwa ukucha uliofunikwa kitambaa ili uingie katika kila mfereji, na kabla ya kupuliza chokoleti nikapuliza tena maziwa kidogo juu ya ukingo wa utepe. Ujanja huo mdogo una thamani kubwa: kama kuna mwanya, maziwa yanauziba, na chokoleti haipati pa kupenya. Nilipoubandua utepe, mpaka baina ya rangi mbili ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi.

Mistari ya dhahabu na nyeusi inayopita kwenye mpaka huo nilichora kwa kalamu ya wino ya wachora ramani, ile yenye midomo miwili inayokazwa kwa skrubu. Kuhusu hiyo nitasema tu kwamba mstari mzuri unachorwa asubuhi kabla ya kahawa, na kwamba mistari 6 kati ya 10 niliifuta. Vanishi isiyong'aa ilifunga kazi. Magurudumu na bogi, yaani vigari viwili vidogo vinavyobeba behewa kila upande, sitaviongelea kwa urefu. Bogi moja nimeiacha izunguke tu, nyingine inazunguka na pia inayumba, ili behewa lisimame kwa miguu mitatu kama kigoda na magurudumu yote yaguse reli hata reli ikiwa na kasoro.

Nimerudi kwenye behewa la Bububu. Ninazo picha mbili za zamani za treni ile ikipita baina ya nyumba, na kutoka kwenye picha unaweza kupata vipimo, kwa sababu mtu mzima aliyesimama kando ya behewa ni rula, na baraza ya nyumba iliyopo mpaka leo ni rula bora zaidi. Unakwenda na futikamba ukaipima. Ninawaomba wazee wenye albamu majumbani waniruhusu niangalie, si kuchukua, kuangalia na kupiga picha ya picha. Bamba la shaba silihitaji kutoka Uingereza. Sonara wa mtaani kwetu anao msumeno wa uzi mwembamba kama unywele wa farasi, amekubali kukata mbavu kwa mkono badala ya dawa, na wiki iliyopita alinikatia madirisha mawili ya majaribio.

Kipande hicho kiko hapa kando ya behewa, bado hakijapigwa tupa wala kutiwa risasi. Karibuni mkitazame. Atakayetaka kuliinua behewa alishike chini kwenye bogi, asilishike ubavuni, kwa kuwa vanishi ina siku nne tu tangu ipakwe.